Kiwambo cha Kompyuta Kinapofanya Giza

Wako vijana ambao, kiwambo cha kompyuta kikongwe kikifanya giza, hukitupa upesi, au humuuzia mtu asiyeijua ila yake. La kwanza ni israfu, la pili ni ghushi. Na ghushi ni mbaya zaidi.

Basi na kichunguzwe kwanza. Kaza waya zake, kisha jaribu waya mwingine: rangi zikigeuka zote manjano au waridi, mara nyingi ila ni ya waya tu. Ikiwa kitaa cha kuwashia chawaka na kioo ni cheusi, kimulike kwa kurunzi kwa karibu. Ukiona picha hafifu, kioo ki hai. Kilichokufa ni taa za nyuma yake, au umeme unaozilisha. Katika viwambo bapa vya miaka ya 2000, kapasita zilizovimba ni ugonjwa wa kawaida, na fundi huzibadilisha.

Lakini vile vya kale, vyenye kisogo kirefu, kijana asivifungue kamwe! Bomba la kioo lililomo ndani huweza kuhifadhi umeme wa maelfu ya volti hata baada ya waya kung'olewa ukutani. Hivyo vipelekwe kwa fundi aliyefunzwa, navyo vimefungwa vile vile.