Kumwandikia Kijana Barua ya Mapendekezo

Alasiri moja, kliniki ikiwa imekwisha na wagonjwa wa mwisho wakielekea Kituo cha Mabasi cha Magufuli, muuguzi mmoja wa kituo cha afya ninachokisaidia hapa Mbezi Luis alibisha hodi. "Shikamoo daktari." Nikaitikia, nikamkaribisha kiti. Hakukaa. Alitoa katika bahasha karatasi iliyokwisha kupigwa chapa, akasema kwa upole kwamba nisisumbuke, nitie sahihi tu. Ilikuwa barua ya mapendekezo ya kuombea ufadhili wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, na kwa mujibu wa karatasi ile, mwandishi wake nilikuwa mimi.

Nikaisoma. Ilisema kuwa yeye ni mchapakazi, mwadilifu, hushirikiana na wenzake na huweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Hapakuwa na neno la uongo. Wala hapakuwa na neno ambalo lisingeweza kusemwa juu ya muuguzi mwingine yeyote kati ya hapa na Kibaha. Nami nikiri kwamba barua za namna hiyo nimezitia sahihi nyingi, kwa kuwa foleni ni ndefu na kalamu iko mkononi.

Mwanafunzi wa kidato cha sita aombaye shahada ya kwanza hapa nchini kwa kawaida huchaguliwa kwa alama zake za mtihani. Barua ya mtu haimwongezei kitu. Ndiyo maana wengi wetu tumefika utu uzima bila kujifunza kuiandika. Barua tunayoifahamu ni ile ya serikali ya mtaa, inayothibitisha kuwa fulani ni mkazi wa eneo hili. Tukiombwa mapendekezo, tunaandika ile ile kwa maneno marefu zaidi. Lakini ufadhili kama Chevening wa Uingereza hudai wadhamini wawili, na vyuo vingi huwataka kwa masomo ya uzamili. Huko karibu kila mwombaji ana alama nzuri. Anayesoma barua anatafuta kile ambacho cheti hakiwezi kumweleza: mtu huyu hufanya nini pale asipotazamwa?

Basi nikamwuliza: "Sista, ni jambo gani hapa kituoni lisingefanyika kama usingekuwapo?"

Alifikiri, akajibu kwamba hakuna. Kisha, kama mtu anayetubu kosa, akataja chupa ya maji. Kila asubuhi kabla ya kliniki ya watoto huitundika kwenye mizani chupa ya lita moja na nusu iliyojaa maji. Maji hayo yana uzito wa kilo moja na nusu, na chupa yenyewe ni gramu chache tu. Siku moja mizani ilisoma karibu kilo mbili. Mtoto wa kilo tatu angeandikwa kilo tatu na nusu, na kwa kuwa dozi nyingi za watoto hukokotolewa kwa kilo, angezidishiwa dawa kwa kiasi cha moja ya sita. Alirudisha mshale mahali pake, akaandika daftarini, akaendelea na kazi. "Niliona ni jambo dogo, daktari."

Hilo jambo dogo ndilo barua. Mwandishi aanze kwa kueleza amemfahamu mwombaji kwa muda gani na kwa nafasi ipi, kisha asimulie tukio moja au mawili aliyoyaona mwenyewe au aliyoyahakikisha, na mwisho aonyeshe yanahusianaje na masomo yanayoombwa. Mimi nililitafuta kwanza daftari lile. Nilipoiona tarehe na mwandiko wake, ndipo nikaandika.

Nilikuwa na sababu nyingine ya kulikataa neno "mchapakazi". Mwaka 2003 watafiti Frances Trix na Carolyn Psenka walichapisha uchambuzi wa barua zaidi ya 300 zilizoandikwa kuwaombea madaktari kazi ya ualimu katika chuo kimoja kikubwa cha tiba nchini Marekani. Barua za wanawake zilikuwa fupi zaidi kwa wastani, zikisifu bidii na ufundishaji wao. Za wanaume zilielekea zaidi kutaja utafiti wao. Sidhani kama sisi tumesalimika. Muuguzi wa kike husifiwa upole, na mizani aliyoigundua mbovu haitajwi.

Lipo pia suala la kukataa. Miaka kadhaa iliyopita kijana mmoja aliniomba barua, nami sikumfahamu zaidi ya wiki tatu za mafunzo wodini. Niliona haya kumwambia hapana. Niliandika aya mbili baridi, nikazituma siku ya mwisho. Hakuitwa kwenye usaili. Siwezi kudai kuwa barua ndiyo iliyomwangusha, ila najua haikumsaidia, na aliyenizidi kwa kumfahamu alikuwapo wodi ya jirani. Kumwelekeza huko kungenichukua dakika moja.

Neno kwa wagonjwa na wazazi. Mara nyingine anayeomba barua ni mgonjwa wetu: kijana mwenye selimundu, tuseme, ambaye matokeo yake yalishuka muhula aliolazwa. Hiyo si barua ya mapendekezo. Ni taarifa ya kitabibu, nayo iandikwe kando. Hata akiwa mfanyakazi au mwanafunzi wako, usiutaje ugonjwa wake katika mapendekezo pasipo ridhaa yake, hata kwa nia ya kumsifu kwamba amevumilia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa taarifa nyeti. Kijana mwenyewe ndiye atakayeamua kama chuo kijue.

Kwa waombaji: mjie mwandishi walau wiki tatu kabla, na umletee tangazo la nafasi, wasifu wako na tarehe ya mwisho. Mkumbushe bila kuona haya, sisi husahau.

Tulimaliza jua likizama. Nilikuwa nimeandika kwamba yeye peke yake hapa kituoni ndiye huipima mizani kwa chupa. Aliniomba niyaondoe maneno "peke yake", kwa sababu wenzake wawili wameshaiga, nao huitundika chupa zamu zao. Niliyaondoa, nikaongeza sentensi juu ya wenzake wawili.