Shingo Bila Bodi: Hesabu Iliyookoa Gitaa la Mjomba

Mwaka jana mjomba wangu alinikabidhi shingo ya gitaa la umeme. Shingo tu. Bodi yake ililiwa na mchwa stoo. Zamani alipiga gitaa la rizimu kwenye bendi ya dansi Morogoro, sasa ana miaka 74. "Mpwa wangu, wewe si umesoma fizikia? Nitafutie bodi, nilipige tena kabla vidole havijagoma." Nikajua ni kazi ya wikendi moja. Kumbe!

Jina si ushahidi

Kwenye kichwa cha shingo kulikuwa na kibandiko cha Fender kilichofutika nusu. Muuzaji mmoja akaniambia bodi yoyote ya Fender itakaa, nilipie tu. Bahati nzuri sikuwa na hela siku hiyo.

Kibandiko mtu yeyote anaweza kukibandika. Hata namba ya gitaa haisaidii sana: Fender za miaka ya 50 na 60 kwa kawaida zina namba kwenye bati la nyuma linaloshikilia skrubu, na bati hilo hubaki na bodi. Ni kuanzia 1976 ndipo namba ilipohamia kwenye kichwa. Kwa shingo ya zamani, tazama kisigino, yaani ile sehemu inayozama ndani ya bodi. Fender nyingi za enzi hizo ziliandikwa tarehe hapo, kwa penseli au kwa muhuri. Umbo nalo linasema: kisigino cha Stratocaster kimeviringwa mwishoni, cha Telecaster kimekatwa mraba.

Yetu ilikuwa ya mraba, haina tarehe. Lakini kukosa tarehe peke yake si ushahidi, maana maandishi hufutika. Nikachukua rula.

Freti hazidanganyi

Uzi ukiufupisha hadi nusu, sauti yake inapanda oktava moja, yaani mitetemo kwa sekunde inakuwa mara mbili. Gitaa hugawa oktava hiyo katika hatua 12 zilizo sawa kwa sikio, na kila hatua huzidisha mitetemo kwa 1.0595. Ndiyo maana freti hukaribiana kadiri unavyoshuka kuelekea bodi: kila moja hukata karibu sehemu 1 kati ya 17.8 ya urefu uliobaki. Ukifika freti ya 12, umebakiwa na nusu kamili.

Kwa hiyo pima kutoka kwenye kizingiti (kile kipande chenye mifereji ambapo nyuzi huingia kwenye kichwa) hadi freti ya 12, kisha zidisha mara mbili. Huo ndio urefu wa uzi ambao kiwanda kilikusudia. Stratocaster na Telecaster ni milimita 648. Jaguar ni 610. Gibson nyingi ziko karibu na 628.

Yetu: 314 mara 2, sawa na 628. Kibandiko kikaumbuka hapo hapo.

Sasa bodi

Freti zimeshapigwa, huwezi kuzihamisha. Bodi ndiyo itakayoifuata shingo. Kutoka kizingiti hadi mwisho wa kisigino nilipata 451. Toa kwenye 628, inabaki 177. Bodi yoyote tutakayoitumia lazima iwe na milimita 177 kutoka ukuta wa shimo la shingo hadi kwenye daraja, pale nyuzi zinapokalia.

Bodi ya kwanza niliyoletewa ilikuwa na 197. Milimita 20 tu, utasema, zina shida gani? Piga hesabu: uzi mzima ungekuwa 648, lakini ukibonyeza freti ya 12 unabaki 334 badala ya 324. Oktava ingepwaya kwa nusu ya hatua ya freti. Nyuzi zikiwa wazi gitaa lingeonekana liko sawa, lakini ukipanda juu kila kitu kinaharibika. Vikalio vya daraja husogea kidogo, ila haviwezi kufuta sentimita 2. Tena nafasi hiyo ndogo inahitajika kwa kazi nyingine: unapobonyeza uzi unauvuta, sauti inapanda kidogo, hivyo kila kikalio hurudishwa nyuma kiasi, hasa cha nyuzi nene.

Baada ya urefu, angalia upana. Kisigino cha Fender kina karibu milimita 56, chetu 54. Shimo jembamba unaweza kulipanua taratibu kwa patasi, lakini likiwa pana shingo itacheza na kuvutwa pembeni na nyuzi. Matundu ya skrubu yasikutishe. Yasipolingana, ziba kwa kijiti cha mbao ngumu na gundi, toboa upya. Usichonge kisigino wala kukata shingo; kosea kwenye bodi, inabadilishika.

Mninga

Bodi ya 177 hatukuipata. Tukaenda kwa seremala na karatasi ya vipimo. Akachonga mninga, mbao ambayo ikikauka vizuri haisinyai sana, na hilo ni muhimu kwa kitu kinachovutwa na nyuzi 6 mwaka mzima. Shimo alilichonga mwanzo, daraja tukalifunga mwisho, baada ya kupima mara tatu.

Mjomba hakuuliza hesabu. Aligusa uzi kidogo tu juu ya freti ya 12 ulie kama kengele, kisha akaubonyeza pale pale. Sauti mbili, zinalingana. Ndiyo kipimo chake cha miaka yote, na ndicho nakushauri ufanye kwenye gitaa lolote kabla hujatoa hela. Kisha akaniambia nimwongezee sauti kwenye spika, akaanza kupiga rizimu.