Mgonjwa Akipona, Tusiharakishe Kuisifu Dawa

Wale wa rika langu wanaikumbuka klorokwini. Tukiugua malaria utotoni tulimezeshwa vidonge hivyo vichungu kama shubiri, kisha tukajikuna usiku kucha. Mwaka 2001 Tanzania iliacha kuitumia kama dawa ya kwanza ya malaria, kwa kuwa vimelea vilikwisha kuizoea.

Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipozagaa duniani, nililiona jina hilo limerudi mezani kwangu, pamoja na la ndugu yake, haidroksiklorokwini. Nikaisoma habari hewani: madaktari wa ng'ambo wameitumia, wagonjwa wamepona. Kesho yake mama mmoja jirani yangu akaniuliza, "Kaka, vile vidonge ulivyovitaja jana, tununue vingapi?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimesahau kuuliza swali moja: wamepona kwa kulinganishwa na nani?

Tuchukue mfano. Daktari amewapa dawa wagonjwa 100, wakapona 75. Tutaishangilia dawa hiyo. Lakini ikiwa katika wodi ya pili, wasikopewa, wamepona 75 vilevile, dawa imefanya kazi gani? Tena huenda waliopewa walikuwa vijana, na walionyimwa ni wazee. Hapo tutakuwa tumepima umri, si dawa.

Dawa ya tatizo hilo ni kura. Mwezi Machi 2020 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiongozwa na Peter Horby na Martin Landray, walianzisha majaribio yaliyoitwa RECOVERY katika hospitali za Uingereza. Mgonjwa aliyelazwa akikubali, kompyuta ilimpangia kwa bahati nasibu: ama matibabu ya kawaida peke yake, ama matibabu hayo pamoja na dawa inayopimwa. Hivyo wazee na vijana, mahututi na wenye nafuu, waliangukia pande zote.

Mwezi Juni mwaka huo majibu yakatoka. Katika kila wagonjwa 100 waliopewa haidroksiklorokwini walikufa 27 ndani ya siku 28. Katika wasiopewa, 25. Nafuu iliyosifiwa haikuonekana.

Ndipo ikaja deksamethasoni, dawa ya bei nafuu iliyojulikana tangu miaka ya 1950. Wagonjwa wapatao 6,400 walihusika. Kwa waliokuwa kwenye mashine za kupumulia, vifo vilishuka kutoka 41 hadi 29 katika kila 100. Kwa waliopewa oksijeni bila mashine, vilishuka kutoka 26 hadi 23. Lakini wasiohitaji oksijeni haikuwasaidia kitu.

Kwa nini? Mgonjwa anapozidiwa, mara nyingi si kirusi peke yake kinachomuumiza, bali ni kinga ya mwili wake iliyopita kiasi na kuyavimbisha mapafu. Deksamethasoni huituliza kinga hiyo. Kwa mgonjwa ambaye bado anaihitaji kinga yake kupigana, kuituliza ni sawa na kumpokonya askari silaha.

Tusidhani kosa la kutoa dawa kwa kubahatisha lilikuwa la klorokwini tu. Mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa wagonjwa wapatao 75 katika kila 100 waliolazwa kwa UVIKO-19 walipewa antibiotiki, ilhali waliokuwa pia na maambukizo ya bakteria ni 8 tu. Antibiotiki haiui kirusi. Ikitumiwa ovyo huwafundisha bakteria usugu, kama vimelea vya malaria vilivyoizoea klorokwini.

Gonjwa jingine litakuja, na uvumi wa dawa utalitangulia. Yule mama jirani nilimwomba radhi. Nami tangu siku ile, nikiletewa habari kwamba dawa fulani imeponya, siisomi kabla ya kuuliza: wasiopewa walikuwaje? Nawe ukinisikia nimesahau, nikumbushe.

Hadi juma lijalo, kwaherini.