Siyo Chunusi Tu: Umwambie Nini Daktari?

Je, leo umejitazama kwenye kioo mara ngapi? Kila mtu hujitazama, hilo halina neno. Lakini wapo vijana ambao kioo hakiwaachii. Mmoja ana chunusi mbili, yeye anaona uso mzima umeharibika. Mwingine anaona pua yake inatisha. Ukimwambia, "Mbona huna kitu!" haamini. Anadhani unamfariji tu.

Hayo siyo maringo, wala siyo wazimu. Ni ugonjwa, na daktari Mwitaliano, Enrico Morselli, aliueleza mwaka 1891 akauita dismofofobia. Mara nyingi huanza katika umri kama wako, kwa wasichana na wavulana pia. Yupo mvulana mwenye kifua kipana anayejiona njiti!

Tatizo ni kwamba ukienda zahanati ukasema "nina chunusi," utapewa dawa ya kupaka, basi. Yaliyomo kichwani unarudi nayo nyumbani. Wengine huhangaika kwa madaktari wa ngozi, wa meno, hata wa upasuaji, na pua ikishanyooshwa wasiwasi unahamia kidevuni. (Mkorogo ndiyo usiuguse kabisa.)

Huko Uingereza, mwongozo wa mwaka 2005 uliwashauri wahudumu wa afya wawaulize wanaoshukiwa: Unahangaika sana na sura yako, hata unatamani usiiwaze? Ni kitu gani hasa? Kwa siku unakiwaza masaa mangapi? Je, kinakuzuia kusoma au kukaa na marafiki? Ikizidi saa moja, imezidi. Hesabu na zile dakika za kujifungia bafuni ukikagua uso, na zile za kujilinganisha na mwenzako darasani.

Kwa hiyo usingoje kuulizwa. Sema mwenyewe: "Daktari, nakaa masaa matatu nikiwaza uso wangu. Siku hizi nachelewa makusudi ili nisisimame mstarini." Aibu ndiyo inayowaziba wengi midomo. Tiba ipo. Kuna mazungumzo na mtaalamu, ambapo unajizoeza kidogo kidogo kuacha kukagua kioo na kutoka nje bila kujifunika. Zipo pia dawa kama fluoksetini, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla hujaona nafuu.

Na kama umeshafikia kuwaza heri ufe, usisubiri Jumatatu. Mwambie leo mama, shangazi au mwalimu mlezi, akupeleke hospitali.