Elimu ya dawa ianzie dukani

"Nipe rangi mbili za mia tano."

Ombi hilo limezoeleka katika maduka mengi ya dawa vijijini Tanzania. Mnunuzi hataji ugonjwa wala umri wa mgonjwa, na mara nyingi muuzaji haulizi. Rangi mbili ni kapsuli za antibayotiki, na watu huzimeza kwa kikohozi, mafua, kuharisha, hata kuzifungua na kunyunyizia unga wake kwenye kidonda.

Ni rahisi kumlaumu mnunuzi huyo, lakini tuitazame safari yake. Zahanati iko mbali, masika barabara hazipitiki, na nauli ya bodaboda inaweza kuzidi bei ya dawa yenyewe. Akifika huenda akaambiwa dawa zimekwisha, akaandikiwa akanunue kwenye duka lilelile alilolipita asubuhi. Anayeamua kuanzia dukani amepiga hesabu, na hesabu yake si ya kijinga. Kinachomponza ni kutojua dawa aliyoishika inatibu nini.

Serikali ililitambua hilo zamani. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma ulianza mpango wa maduka ya dawa muhimu, ambayo baadaye yalienea nchini na kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi. Mtoa dawa hupewa mafunzo, na duka huruhusiwa kuuza hata baadhi ya antibayotiki kwa kuwa wanakijiji hawana mfamasia jirani. Darasa basi tunalo, na mwanafunzi hujileta mwenyewe kila anapougua. Kilichobaki ni somo kufundishwa kweli.

Somo la kwanza ni kipimo. Si kila homa ni malaria. Tangu mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani limeshauri kila anayehisiwa kuwa na malaria apimwe kabla ya kutibiwa, na kipimo cha haraka hutumia tone la damu ya kidole na kutoa jibu ndani ya nusu saa. Mtoto mwenye nimonia huchemka vilevile. Mama akimpa dawa ya mseto ya malaria kwa kukisia, nimonia inaendelea. Mtoto akipumua haraka au mbavu zikibonyea ndani anapovuta pumzi, aende zahanati saa hiyo hiyo.

Somo la pili ni dozi. Dozi ya mseto ya mtu mzima ni vidonge 24: vinne kwa wakati, mara mbili kwa siku, kwa siku tatu, na hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa pamoja na chakula. Wengi hupata nafuu siku ya pili, wakaviweka vilivyobaki kwa ajili ya mgonjwa mwingine. Hapo wagonjwa wawili wamepata nusu tiba. Alexander Fleming, mgunduzi wa penisilini, alionya katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dawa hiyo ikija kuuzwa madukani, mtu atajipa dozi ndogo na kuvifundisha vimelea kuizoea. Usugu wa dawa unaowasumbua madaktari leo ndio huo.

Somo la tatu ni madhara. Diklofenaki ya kila jioni baada ya jembe huweza kuchubua tumbo na kuumiza figo. Tetrasaiklini hubadilisha rangi ya meno ya mtoto anayekua, hata aliye tumboni.

Masomo haya hayahitaji semina mjini. Yanahitaji mtoa dawa anayeuliza nani anaumwa, ana umri gani, na ameanza lini. Mhudumu wa afya anayepewa nafasi kwenye mkutano wa kijiji. Na mwalimu anayewafundisha watoto kusoma maelezo ya pakiti ili wawasomee bibi na babu zao. Lakini elimu isiwe kisingizio cha kuiacha zahanati tupu. Mwanakijiji aliyefundishwa kupima kwanza, akafika akakosa kipimo, kesho atarudi dukani kuomba rangi mbili, na hatutakuwa na haki ya kumlaumu.