Jiwe zima lina soko lake

Juni 2020 mchimbaji Saniniu Laizer aliiuzia Serikali ya Tanzania vipande viwili vya tanzanaiti, kimoja cha kilo 9.27 na kingine cha kilo 5.1, kwa jumla ya shilingi bilioni 7.74. Agosti mwaka huohuo akaibuka na cha tatu, cha kilo 6.3, kilichompatia karibu bilioni 4.8. Nchi ikashangilia mabilioni. Ukipiga hesabu, vile viwili vya mwanzo vilitoka kwa wastani wa kama shilingi 540,000 kwa gramu, na cha tatu, ambacho ni chepesi kuliko kile cha kilo tisa, kilivuka 700,000. Hata katika biashara iliyolelewa na mizani, mizani haisemi yote.

Kuna wanunuzi ambao mizani hawaitazami kabisa. Ni wakusanyaji: walimu, madaktari, mafundi na wastaafu wa Marekani, Ujerumani, Ufaransa au Japani, ambao hobi yao ni mawe. Hawayavai wala hawayapeleki kwa sonara. Huyapanga kabatini, wakayawashia taa, wakaitana kuyatazama na kubadilishana. Anachokitaka mtu wa namna hii ni fuwele nzima yenye ncha zake zote, na ikiwa bado imekaa juu ya mwamba mama ilikoota, bei inapanda. Fuwele hiyohiyo ikimeguka pembe, hamu yake inakatika papo hapo, hata kama kwa mkataji wa vito haijapungua kitu.

Hobi hii ina masoko yake. Huko Tucson, Arizona, chama cha wapenda mawe kiliandaa onyesho dogo katika jengo la shule mwaka 1955, wenyeji wakionyeshana walichonacho. Leo, kila mwisho wa Januari hadi katikati ya Februari, mji huo unakuwa na maonyesho kadhaa kwa wakati mmoja: kumbini, hotelini, hata kwenye mahema ya kando ya barabara. Ulaya wana Munich kila Oktoba na Sainte-Marie-aux-Mines, Ufaransa, kila Juni. Pembezoni mwa sarakasi yote hiyo, bado mtoto hununua jiwe la dola moja na kulitia mfukoni. Huyo ndiye mteja wa miaka 40 ijayo, na wauzaji wenye akili humhudumia vizuri kuliko tajiri.

Mirerani, wilayani Simanjiro, ni miongoni mwa majina yanayotajwa kwa heshima katika meza hizo, na si kwa sababu ya tanzanaiti peke yake. Vilima vyake hutoa tsavoriti ya kijani, diopsidi, prehniti, na fuwele za kinywe (grafiti) zilizojitengeneza vizuri kiasi kwamba wenye hobi huzitafuta kwa jina la Mirerani. Kwa mwanaapolo, mchimbaji aliyeko chini ya ardhi, kinywe ni uchafu unaomganda mwili mzima hadi atoke mweusi akimetameta. Kwa mkusanyaji ni bidhaa.

Tazama jinsi jiwe linavyofika juu. Baruti inalipuliwa, mwamba unapasuka, kisha tindo na nyundo vinafuata. Tanzanaiti ina upande mmoja ambao hupasuka kirahisi mno, kwa hiyo sehemu ya fuwele zinakuwa zimekwisha kazi kabla hata mtu hajaziona. Zinazosalimika hugongwa ili mwamba uachie, kwani mnunuzi wa vito hataki kulipia mwamba. Halafu zinatupwa pamoja kwenye kifuko, zikisuguana njiani. Baadaye jiwe la rangi ya kahawia huchomwa kwenye joto la nyuzi 500 hadi 600 ili liwe la buluu. Sonara anataka hivyo. Mkusanyaji, kinyume chake, swali lake la kwanza ni kama jiwe limechomwa, na ambalo halijachomwa anaweza kulipia zaidi kwa sababu tu liko kama lilivyotoka.

Swali lake la pili ni la lebo. Jiwe lisilojulikana limetoka wapi, kwake ni nusu ya jiwe. Anataka kijikaratasi chenye jina la madini, kijiji, mgodi, ikiwezekana kitalu na mwaka. Kazi hiyo ni ya kalamu na dakika mbili, lakini katika mnyororo wetu, ambapo jiwe hupita mikono ya dalali mmoja hadi mwingine na kila mmoja akificha alikolitoa ili mwenzake asimruke, taarifa hizo ndizo za kwanza kupotea. Siri ya dalali inamlinda leo. Ila mteja wa aina hii humlipa zaidi yule asiyeficha.

Kisa cha merelaniiti kinaonyesha hasara nyingine, ya kusafisha jiwe bila kujua kilicho juu yake. Juu ya vipande kutoka Mirerani kulikuwa na nyuzi za kijivu, nyembamba kuliko unywele, zilizodhaniwa kuwa molibdeniti ya kawaida. Mwaka 2016 timu iliyoongozwa na John Jaszczak wa Chuo Kikuu cha Michigan Tech, ikitumia pia vipande vilivyokuwa mikononi mwa wakusanyaji, ilithibitisha kuwa ni madini mapya kabisa, yenye molibdeni, risasi, vanadi, antimoni na salfa. Yakapewa jina la vilima vyetu, na Jumuiya ya Kimataifa ya Madini ikayatangaza kuwa madini ya mwaka. Kuna wakusanyaji wanaofanya kazi na darubini tu, na kwao kipande kinachoenea kwenye kiberiti chenye nyuzi hizo kina thamani. Ni vipande vingapi vimesuguliwa kwa brashi vikasafishwa hadi nyuzi zikaondoka!

Hapa ndipo ninapotofautiana na kaulimbiu ya kuongeza thamani kama inavyoeleweka sasa. Sera ya Tanzania inasukuma mawe yakatwe na kung'arishwa nchini, na ina haki: kwa miongo mingi tanzanaiti imekuwa ikikatwa Jaipur, India, na ajira zikabaki huko. Kituo cha Jemolojia Tanzania, Arusha, kinafundisha vijana ukataji na uchongaji, na kila fundi anayetoka pale ni faida. Lakini kwa fuwele nzima, kuikata ni kuipunguzia thamani. Ongezeko lake liko kwenye kuitoa salama, kuisafisha kwa uangalifu, kuifungasha na kuiandikia historia. Hiyo nayo ni kazi ya ndani, tena ya ufundi, na haihitaji mashine kubwa.

Kwa haki, si kila jiwe linafaa kuachwa zima. Mwaka 2007 huko Ipanko, Mahenge, ilitoka fuwele ya spineli yenye zaidi ya kilo 50. Ilivunjwa, sehemu kubwa ikawa haifai kukatwa, na vipande safi vikatoa maelfu ya karati zilizoipa Mahenge jina duniani. Mwenye mgodi anayedaiwa mafuta ya jenereta na posho za vijana hawezi kusubiri mkusanyaji wa Munich. Mtaji wa kusubiri ndio unaokosekana, na benki zetu hazijazoea kupokea jiwe kama dhamana.

Chini ya wakusanyaji wapo wenye hobi ya mikono: watu wanaotengeneza mikufu, bangili na hereni nyumbani, wakauziana au kupeana zawadi. Hawa hununua shanga za mawe kwa uzi, bei nafuu, kwa wingi. Jiwe la Longido lililogunduliwa mwaka 1954, zoisiti ya kijani yenye madoa mekundu ya rubi, ni kipenzi chao. Ukinunua uzi wake dukani Ulaya, huenda umetobolewa India au China. Mashine ya kutoboa na kuzungusha shanga haifikii gharama ya kuchimba shimo moja Mirerani, na bado tunauza mzigo ghafi.

Lubumbashi wamefika mbele kidogo. Malakiti ya Katanga hukatwa na kung'arishwa palepale, ikawa vijisanduku, mayai, seti za sataranji, ingawa vumbi lake lenye shaba ni hatari kwa fundi asiye na barakoa. Tabaka, Kisii, nako jiwe laini la sabuni huanza kwa panga, likafuata kisu, kisha wanawake hulisugua kwa msasa ndani ya beseni la maji, msasa mkali kwanza, laini mwishoni, ndipo linapakwa nta. Mchongaji wa jiwe hilo hulipwa kidogo kuliko kila anayeligusa baada yake, na jina lake haliandikwi popote.

Morocco ndiyo ya kuigwa, na ya kuogopwa. Kuanzia Midelt hadi Erfoud watu wanaishi kwa kuuza fuwele na visukuku, na wafanyabiashara wao wanajulikana Tucson na Ufaransa. Lakini hukohuko kumejaa visukuku vya kuunganishwa kwa gundi na mawe yaliyotiwa rangi, hadi mnunuzi anaingia akiwa na shaka. Sisi jina letu bado ni safi. Bandia kumi tu mtandaoni zinatosha kulichafua.

Mawe ghafi ya vito yanatozwa mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na ukuta wa kilomita 24.5 uliozinduliwa Mirerani mwaka 2018 umesaidia kuhakikisha yanapita dirisha la malipo. Jambo lililobaki ni dogo: Tume ya Madini iweke katika soko la Mirerani meza moja ya sampuli za wakusanyaji, yenye mthamini aliyefundishwa kutazama fuwele nzima, lenzi, sifongo za kufungashia na lebo zenye namba ya leseni ya mgodi. Mchimbaji aruhusiwe kupita hapo kwanza kabla jiwe halijapanda mizani.