Tiketi za Mpira Huenda Wapi?



Hakuna jambo linalomkera mpenzi wa kandanda kama kufika dirishani na fedha yake mkononi, akaambiwa kwamba tiketi zimekwisha, kisha akageuka na kumkuta mtu hatua kumi kutoka hapo akiziuza tiketi zile zile kwa bei maradufu. Malalamiko ya namna hii husikika kila unapokaribia mchezo mkubwa, na mara nyingi hujibiwa kwa maneno mepesi kwamba watu ni wengi na kiwanja ni kidogo. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini halitoshi. Katika mazungumzo yetu ya leo tutaeleza tiketi huenda wapi kabla hazijamfikia mwananchi, na kwa nini jambo hili linaloonekana dogo limepata kugharimu maisha ya watu.

Tuanze hapa nyumbani. Mji wa Bujumbura umekuwa na siku zake kubwa. Mwaka 1992 Vital'O ilifika fainali ya Kombe la Washindi barani Afrika, ikapambana na Africa Sports ya Abidjan, na mchezo wa kwanza ukachezwa hapa. Tarehe 23 Machi 2019, Intamba mu Rugamba ilitoka sare ya bao 1 kwa 1 na Gabon katika mji huu huu, ikapata kwa mara ya kwanza nafasi ya kucheza fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika. Katika siku kama hizo kila mtu wa Buyenzi, Bwiza, Nyakabiga na Kamenge hutaka kuwamo kiwanjani, na Kiwanja cha Intwari, ambacho zamani kiliitwa Kiwanja cha Mwana Mfalme Louis Rwagasore, hakifiki hata nusu ya Kasarani ya Nairobi kwa ukubwa. Ni dhahiri basi kwamba wengi hawana budi kubaki nje. Linalobaki ni kuamua nani ataingia, na kwa kanuni gani.

Yakaja majira ambayo dirisha lenyewe lilihama. Shirikisho la Kandanda la Afrika, CAF, lilipokaza masharti yake juu ya viwanja, Burundi ililazimika kuwapokea wageni wake katika nchi ya watu. Ilicheza na Kameruni jijini Dar es Salaam tarehe 9 Juni 2022, na ikacheza na Gambia huko huko tarehe 16 Novemba 2023, ikashinda kwa mabao 3 kwa 2. Mpenzi wa Bujumbura aliyetaka kuiona timu yake ikicheza mchezo wa nyumbani alipaswa kusafiri zaidi ya kilomita 1,000. Bei ya tiketi ikawa ndiyo sehemu ndogo kabisa ya gharama yake. Wengi waliridhika na redio, jambo ambalo sisi wa redio hatuna sababu kubwa ya kulilalamikia.

Sasa tueleze kazi yenyewe ya kuuza tiketi. Mtu akisikia kwamba kiwanja kina nafasi 40,000 hudhani kwamba zipo tiketi 40,000 zinazouzwa. Sivyo. Kwanza hutengwa viti vya wageni wa heshima, vya viongozi wa vyama vya michezo, vya makampuni yanayodhamini mashindano, vya waandishi wa habari, na vya wapenzi wa timu ngeni. Halafu huachwa wazi sehemu za kuwatenganisha mashabiki, na sehemu nyingine ambazo wakaguzi wameona si salama. Kinachobaki ndicho hupelekwa sokoni, nacho aghalabu hupitia kwanza mikononi mwa mawakala. Mgawanyo huo hauna ubaya wowote, mradi hesabu yake ijulikane. Ubaya huingia pale hesabu inapofanywa siri, kwani hapo mtu aliyepewa bahasha ya tiketi za bure anaweza kuipeleka barabarani jioni ile ile, wala hapatikani wa kumwuliza, kwa kuwa hakuna anayejua bahasha zilikuwa ngapi.

Ndivyo inavyowezekana kiwanja kikosekane nafasi na hapo hapo kiwe na viti vitupu. Katika fainali za Kombe la Mataifa zilizofanyika Côte d'Ivoire mwanzoni mwa mwaka 2024, wapenzi waliambiwa kwamba tiketi zimekwisha huku televisheni ikiwaonyesha safu nzima za viti visivyo na mtu. Viti hivyo vilikuwa na wenyewe katika vitabu vya hesabu. Huenda mwenyewe ni mgeni aliyepewa tiketi asiyejali mpira, au ni mlanguzi aliyekosea makadirio yake na kubaki na bidhaa iliyooza.

Kuhusu walanguzi, ni vema tuseme wazi kwamba hawastawi kwa hila zao peke yake. Bei ya tiketi inapowekwa chini ili mnyonge naye aingie, jambo ambalo ni la haki, panakuwa na pengo kati ya bei hiyo na kile ambacho mwenye nacho yuko tayari kulipa. Katika pengo hilo ndimo mlanguzi anamolima. Upo ushauri kwamba bei ipandishwe hadi pengo lizibike. Ushauri huo utamwondoa mlanguzi kweli, lakini utamwondoa pamoja naye yule kijana aliyeishangilia timu yake mwaka mzima katika michezo isiyo na watazamaji. Sisi tunaona kwamba ni heri kuipunguza idadi ya tiketi ambazo mtu mmoja anaruhusiwa kununua, na kuziuza kwa mafungu katika siku mbalimbali, kuliko kuyaacha mashindano yawe ya wenye magari.

Hata nchi zenye mitambo mingi hazijalimaliza tatizo hili. Huko Uingereza, mashindano ya tenisi ya Wimbledon yamekuwa yakigawa sehemu ya tiketi zake kwa kura tangu mwaka 1924. Huko Marekani yako mashindano ya vyuo vikuu ya mpira wa magongo uchezwao juu ya barafu, yaliyoanza mwaka 1948, ambayo tiketi za hatua yake ya mwisho huanza kuuzwa miezi mingi kabla haijajulikana ni vyuo vipi vinne vitakavyofika. Matokeo yake ni kwamba mwanafunzi ambaye chuo chake kimefuzu hulazimika kununua tiketi kwa mtu ambaye chuo chake kimekwisha tolewa, naye muuzaji anajua fika kwamba mwenzake hana nafasi ya kupatana bei.

Hali inayofanana na hiyo ilionekana karibu nasi mwezi wa Agosti 2025, Kenya, Tanzania na Uganda zilipoandaa kwa pamoja Kombe la Afrika kwa wachezaji wa ligi za ndani, lijulikanalo kwa jina la CHAN. Nchi zote tatu zilifika robo fainali, na zote tatu zikatolewa katika muda wa siku mbili, tarehe 22 na 23 Agosti. Mtu aliyekuwa amenunua tiketi ya mbele kwa imani ya kuiona nchi yake alibaki na karatasi ya kutazamia Morocco na Madagascar.

Lakini somo kubwa la mashindano hayo lilikuwa milangoni. Katika michezo ya Kenya pale Kasarani, watu wasio na tiketi walivunja vizuizi na kuingia kwa nguvu. CAF iliitoza faini Kenya, kisha ikaamuru kwamba katika mchezo wa Kenya na Zambia wa tarehe 17 Agosti wasiingie watazamaji zaidi ya 27,000, na kwamba itumike tiketi ya kielektroniki tu, si ya karatasi. Hapo mwananchi mwaminifu aliadhibiwa mara mbili. Kwanza nafasi yake ilikaliwa na aliyeruka ukuta. Halafu, kwa sababu ya huyo aliyeruka, nafasi zenyewe zikapunguzwa.

Amri ya tiketi ya kielektroniki yahitaji maelezo, kwa kuwa wako wanaodhani kwamba mtambo utaondoa udanganyifu wote. Tiketi ya namna hiyo ni alama ya mraba inayoonekana katika simu au iliyochapwa, na mashine iliyoko mlangoni huisoma mara moja tu. Faida yake ni kwamba mwenye mashindano hujua kila wakati ameuza ngapi na wamekwisha ingia wangapi. Hasara yake ni kwamba alama hiyo yaweza kupigwa picha. Tapeli akiinunua moja akawauzia watu kumi nakala zake, wa kwanza kufika ataingia, na wale tisa watabaki wakigombana na mlinzi ambaye hana kosa lolote. Tena mtandao ukikatika saa moja kabla ya mchezo, mashine haisomi, foleni hukua, na mlinzi huamua ama kufungua lango kwa kila mtu ama kulifunga kabisa. Maamuzi yote mawili ni ya hatari.

Pia yuko mwananchi asiye na simu janja. Katika fainali za mwaka 2019 huko Misri, zile ambazo Burundi ilishiriki, mtazamaji alitakiwa ajiandikishe kwanza katika mtambo wa tiketi, apate na kitambulisho maalumu cha shabiki, ndipo aruhusiwe kuingia. Mpango huo ulisaidia ulinzi, lakini michezo mingi isiyoihusu Misri ilichezwa mbele ya majukwaa yaliyokuwa karibu matupu. Mzee aliyezoea kutoa noti dirishani na kupewa kipande chake cha karatasi hawezi kuambiwa tu kwamba dunia imebadilika. Lazima awekewe kibanda, na ndani ya kibanda awepo mtu wa kumsaidia.

Tulisema mwanzoni kwamba jambo hili limegharimu maisha. Tarehe 23 Oktoba 2010, watu 7 walikufa kwa kukanyagana katika Kiwanja cha Nyayo mjini Nairobi, Gor Mahia ilipokutana na AFC Leopards. Tarehe 28 Mei 2023, katika fainali ya Kombe la Shirikisho kati ya Yanga na USM Alger, mtu mmoja alifariki na wengine wapatao 30 wakajeruhiwa katika msongamano penye Kiwanja cha Benjamin Mkapa. Huko Guatemala mwaka 1996, ambako walikufa watu zaidi ya 80, tiketi za bandia zilitajwa miongoni mwa mambo yaliyojaza kiwanja kupita kiasi.

Mfano wa Afrika Kusini unastahili kuangaliwa zaidi. Tarehe 11 Aprili 2001 watu 43 walikufa katika Kiwanja cha Ellis Park, Johannesburg, siku ya mchezo wa Kaizer Chiefs na Orlando Pirates. Tume iliyoongozwa na Jaji Bernard Ngoepe ilitaja sababu nyingi, na mojawapo ni hii: lilitolewa tangazo pale kiwanjani, kwa wakati usiofaa, kwamba tiketi zimekwisha. Maneno mawili tu. Lakini yanapotamkwa mbele ya maelfu ya watu waliokwisha fika, walioacha kazi na kulipa nauli, na ambao wanasikia kelele za wenzao walioko ndani, maneno hayo huwasukuma mbele badala ya kuwarudisha nyumbani. Tangazo lile lile lingetolewa redioni asubuhi, wengi wasingeondoka majumbani mwao. Kwa hiyo kujua ni tiketi ngapi zimebaki, na kuwaambia watu mapema, ni sehemu ya ulinzi wa raia sawa na kuwapanga polisi.

Kuna upande mwingine wa kero hii ambao hauzungumzwi vya kutosha, nao ni mchezo unapoahirishwa. Tarehe 8 Mei 2021 mchezo wa Simba na Yanga jijini Dar es Salaam haukuchezwa, baada ya saa ya kuanza kusogezwa siku hiyo hiyo na Yanga kukataa mabadiliko. Ukachezwa tarehe 3 Julai. Tarehe 8 Machi 2025 mchezo wa watani hao uliahirishwa tena siku yenyewe, ukaja kuchezwa tarehe 25 Juni. Mtu aliyetoka Mwanza au Mbeya kwa basi aliweza kuambiwa aitunze tiketi yake. Lakini nauli, chakula na malazi hakuna aliyemtunzia. Tiketi ni mapatano. Mnunuzi ametimiza upande wake alipolipa, na upande wa pili hauwezi kujivua kwa kutangaza tarehe mpya. Kanuni ya kurudisha fedha yapasa iandikwe juu ya tiketi yenyewe, kwa lugha inayosomeka, kabla haijauzwa.

Vyama vyetu vya michezo, kuanzia mchezo wowote mkubwa utakaofanyika Intwari, vingeweza kuanza na jambo moja lisilohitaji mtambo wala mkopo: wiki moja kabla ya mchezo, watangaze kiwanja kinachukua watu wangapi, viti vilivyotengwa ni vingapi na ni vya akina nani, na vilivyobaki vinauzwa wapi na kwa bei gani. Baada ya mchezo watangaze waliolipa ni wangapi na mapato yalikuwa kiasi gani. Hesabu hizo mbili zikiwekwa sambamba, bahasha iliyopotea itaonekana hata kwa asiyekuwa mhasibu.

Mwezi wa Septemba 2023, Kenya, Tanzania na Uganda zilikabidhiwa jukumu la kuandaa fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika za mwaka 2027. Kwa mtu wa Bujumbura, hazijapata kuwapo fainali zilizo karibu namna hiyo. Kabla hajapanda basi la kuelekea mpaka wa Kobero, mpenzi huyo atataka kujua tiketi yake inauzwa na nani, kwa fedha ya nchi gani, na kama ataweza kuilipia kwa simu akiwa hapa Burundi au itambidi kwanza avuke mpaka ndipo aanze kutafuta dirisha.